Darasa la Shimoni

Hapa Maweni sakafu yetu ni shimo.
Waliochimba mawe waliondoka na mawe,
wakatuachia kuta nne zenye alama za msumeno
na uwanja uliokaa sawa kama kiganja.
Mvua ikinyesha, darasa ni la vyura.
Isiponyesha, ni langu.

Moja, mbili, tatu, nne.
Fondo, kisigino kwanza.
Ardhi haibishiwi hodi kwa ncha za vidole.

Miaka kumi na mmoja nilicheza hotelini,
Jumatano na Jumamosi, saa mbili unusu,
kati ya supu na nyama ya wageni.
Nilivaa hando lililofuliwa kwa zamu
na shanga zenye namba ya stoo.
Meneja alisema: tabasamu, Mbeyu, tabasamu,
na punguza hayo mabega, yanakula muda.
Nikapunguza.
Ndivyo mtu anavyomuuza bibi yake, rejareja.
Goti lilipopasuka nilipewa bahasha na soda.

Sasa nina wanafunzi kumi na tisa
na redio isiyo na kifuniko.
Chengo alikuja shavu limejaa muguka,
akaketi ukingoni akitucheka siku nne.
Ya tano akashuka,
wala si mimi niliyemshawishi:
alisema chapuo tunaipiga vibaya, inamuuma meno.
Akaipiga yeye. Mkono haukuwa na adabu,
lakini ulikuwa na saa ndani.
Sijui kama ameacha muguka. Siulizi.
Najua saa kumi alasiri mdomo wake hauna kitu,
na saa kumi alasiri ni pa kuanzia.

Naibu wa chifu aliniuliza, mikono nyuma kama mkaguzi:
"Ngoma hii italeta unga?"
Nikamwambia kweli: bado.
Mwezi wa nne tulialikwa harusini Barani,
tukalipwa pilau na elfu tatu.
Tukagawana, mia na hamsini kila mtu.
Fondo akanunua daftari na mkate.
Jumwa akalipa deni la maji, akarudi anatembea vingine,
kama mtu aliyegundua shingo yake inafika wapi.

Hesabu ya ngoma yetu mpya alinipa Nyevu.
Asubuhi huponda kokoto na mama yake,
debe baada ya debe, nyundo juu, nyundo chini,
na kila pigo la tatu huchelewa kidogo
kwa sababu hapo ndipo anapopumua.
Nikamwambia: huko kuchelewa, usikurekebishe.
Tukakujengea ngoma nzima.
Wavulana walihangaika nako juma zima,
miguu ikifika kabla ya pumzi.

Jana mama yake alishuka shimoni,
vumbi jeupe hadi kwenye kope.
Hakusalimu.
"Lori linakuja alfajiri, madebe kumi na mawili hayajajaa,
na wewe unanichezesha mtoto!"
Nilinyamaza. Alikuwa na haki; debe ni debe.
Chengo peke yake hakusikia, au alijifanya,
akaendelea: juu, chini, na pale pa kuchelewa.

Mama akageuza kichwa.
"Hiyo ni nyundo yangu," akasema.
Si kwa hasira. Kama mtu aliyeikuta leso yake
imeanikwa kwenye kamba ya jirani.

Hakucheza, msije mkadhani alicheza.
Bega moja tu, la kushoto, lilipanda, likashuka,
likasubiri pale pa kusubiri.
Kisha akamshika Nyevu mkono, wakaenda.

Usiku huohuo tukawafuata na nyundo za kuazima,
watu ishirini na taa ya simu moja.
Sikuhesabu kwa sauti. Ya nini?
Dereva wa lori alipofika akauliza kuna sherehe gani.
"Mazoezi," Fondo akamjibu, akipuliza malengelenge.

Leo saa kumi imepita, Nyevu amechelewa.
Hatujaanza.
Tumesimama na visigino chini,
tunampumulia.