Maoni ya Mgeni

Miaka kumi na tisa nimepanga Tegeta
na kisiwa cha Mbudya nakiona juu ya paa la jirani,
kimelala pale kama kipande cha sabuni
kilichosahauliwa beseni.
Sijawahi kufika.
Mpaka Shangazi Tusekile aliposhuka kutoka Tukuyu
na kapu la maparachichi, na swali:
"Kile nini?"
"Kisiwa."
"Kuna nini huko?"
Nikakosa jibu. Nikasema, "Watu huenda."

Basi tukaenda.
Boti ya faiba, maboya yananuka samaki wa jana,
injini ikakohoa mara tatu, kijana akaizaba kofi, ikawaka.
Shangazi, aliyezalisha kata nzima,
aliyevuka Kiwira usiku wa mafuriko
kumwahi mwenye uchungu,
alinikamata kifundo cha mkono
hadi vidole vyake vikaniachia alama.
Kisiwani hakuogelea. Alisimama kwenye maji ya magoti,
kanga kaipandisha, akachota, akaonja,
akatema:
"Aliyepika hii alikuwa na hasira."
Tukala changu wa kukaanga. Chini ya meza
akapita kaa mdogo na nyumba ya kuazima mgongoni.
Mpangaji mwenzangu. Nikamwachia chipsi moja.

Alasiri, magofu ya Kunduchi.
Bwana Mwinjuma mlangoni, na stakabadhi zake:
"Raia au mgeni?"
"Raia," nikasema.
"Mgeni," akasema Shangazi. "Nimetoka mbali."
Akacheka, akamtoza ya raia.

Akatuonyesha msikiti, matumbawe na chokaa,
kisha makaburi, na nguzo za makaburi,
na kwenye nguzo vishimo vya mviringo, vitupu.
"Hapa palijengewa bakuli," akasema, "za Uchina.
Zimebanduliwa. Moja moja."
Hakusema na nani. Nami sikuuliza,
nilikuwa napiga picha.

Nilipogeuka, Shangazi amechutama pembeni
kwenye kaburi fupi lisilo na nguzo,
analipima kwa shibiri:
moja, mbili, tatu, na nusu.
"Huyu hakufika arobaini."
Hakukisia. Alisema kama mtu anayetaja bei ya chumvi.
"Mama yake anaitwa nani?"
Bwana Mwinjuma akafungua kinywa, akakifunga.
Anazijua karne. Anavijua vipimo vya mihrabu.
"Haikuandikwa, mama."
"Na alipokelewa na mikono ya nani?"
Juu ya ukuta tumbili akaangusha kokwa.

Akainuka, magoti yakalia,
akatia mkono kapuni, akapapasa, akachagua parachichi
kama unavyochagua mtoto wa kumtuma dukani,
akalipachika kwenye shimo la bakuli, nguzo ya pili.
Likakaa. Likaenea kama lilipimiwa.
"Hairuhusiwi, mama," akasema Bwana Mwinjuma,
bila nguvu. "Tumbili watalila."
"Na wale. Bakuli kazi yake nini?"

Wakati wa kutoka, kitabu cha wageni.
Jina: Tusekile Mwaisumo.
Unatoka: Tukuyu.
Maoni: hapo alikawia,
akaandika kwa herufi zilezile za kadi za kliniki,
*Choo kisafi. Mtoto wa kaburi dogo apewe jina.*
Akanipa kalamu.

Jina langu niliandika upesi.
Penye "Unatoka" nikaanza Te, nikasita.
Nje bajaji inapiga honi, Shangazi keshapanda,
kapu mapajani, jepesi,
na ncha ya kalamu imetulia juu ya karatasi,
inaacha doa,
doa la duara, linapanuka.