Luku, Sii, Wochi

Darasa letu la jioni lipo Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani,
nyuma ya fundi baiskeli, chumba kinachonuka solusheni na mpira mpya.
Mwalimu Kilua, kijana wa Muheza,
leo katupa maneno matatu ya Kiingereza:
luku, sii, wochi.

"Luku si ya umeme?" akauliza Mwanatenga, muuza mitumba.
Tukacheka, na luku yenyewe, kama iliyoitwa,
ikaisha palepale.
Tukachanga mia tano tano gizani.

Taa ziliporudi, mwalimu akaeleza.
Luku ni kulituma jicho. Hata likirudi mikono mitupu, umeluku.
Sii ni jicho kupokea. Hukukitafuta, kimekujia.
Wochi ni kukaa na kitu kinachokwenda:
mpira pale Mkwakwani,
maziwa jikoni yasifurike,
mgonjwa.

Nikaandika: mgonjwa.
Kalamu ikasita.

"Haya, tungeni sentensi."
Nami, mwanafunzi wa miaka sitini na mitatu,
ninayesoma ili niongee na wajukuu walioko ng'ambo
wanaonisalimu kwenye simu kama wanasoma tangazo,
nikasimama, nikasema kwa lugha yao:
Naona baridi.

"Hapana, mama. Kwao baridi haionwi.
Wao husema, mimi ni baridi."
"Mimi ni baridi? Kama maiti?"
"Ndivyo lugha ilivyo."
"Na njaa?"
"Haionwi."
"Haya? Wivu? Uchungu?"
"Mama, vitu hivyo havina rangi."

Nikakaa. Sikubishana.
Nilikuwa na Sengasu.

Sengasu, marehemu mume wangu, karani wa mizani kwenye mkonge,
macho yalimfunga taratibu:
kwanza tarakimu ndogo, kisha kubwa,
kisha lori zima na shehena yake.
Bombo wakatuambia mshipa wa nyuma umekufa,
tusipoteze fedha kwa miwani.
Miaka kumi na mmoja hakuona mlango wala mshumaa,
na kila alfajiri, akivuta shuka upande wake,
"Mama Salme, naona baridi."
Na aliiona.
Aliona njaa sufuria ikiwa bado haijainjikwa.
Aliona haya nilipomkata kucha mbele ya wageni.
Siku Salme alipopanda basi kwenda kupanda ndege,
alibaki uani kwenye kigoda,
akasema, bila kugeuza uso, "Naona uchungu,"
na mimi mwenye macho mawili mazima
nilikuwa nikitafuta funguo.

Sasa nitunge sentensi gani, Kilua mwanangu?
Kwamba macho yake yakiwa mazima nilimluku miaka ishirini,
nikajua ana mashati mangapi na anadaiwa na nani,
nisimsii?
Kwamba nilianza kumsii
yeye alipokuwa hawezi tena kunisii mimi?
Na kwamba mwisho, wodini, siku tatu mchana na usiku,
nilimwochi kama yale maziwa yako.
Sikulala. Sikusinzia.
Niligeuka mara moja tu, kuchukua kikombe,
kikombe tu,
na wewe unajua maziwa hungoja nini.

Jana amerudisha madaftari.
Sentensi tisa kazipigia tiki,
tisa zile za paka, dirisha na televisheni.
Ya kumi niliiandika polepole, herufi kubwa mwanzoni, nukta mwishoni:
Mume wangu alikuwa kipofu. Aliona baridi.
Chini yake ulipita mstari mwekundu,
na pembeni palikuwa na alama ya kuuliza.
Kisha, naona, akaifuta.
Karatasi imechubuka pale,
ukiinyanyua kwenye taa
inapitisha mwanga.