Ghala Lisilofuta

Kabla ya ghala tulikuwa na madaftari.
La njia ya Lare lilinuka maziwa chachu,
la Mauche kurasa zake ziligandamana kwa mvua,
la Ndeffo karani alilala nalo chini ya mto
akisema ni siri ya ofisi.
Duka la chakula cha mifugo lilikuwa na kitabu chake,
daktari wa ng'ombe na chake,
na vyote hivyo, chini ya paa moja la Njoro,
havikuwahi kuamkiana.

Ndipo bodi ikaninunulia kompyuta
ikaniambia: Wairuri, vilete vyote nyumba moja.

Nilidhani kazi ni kubeba. Kumbe ni kuchambua,
kama mchele uliomwagika kokotoni.
Waithira Gathogo wa Lare,
W. Gathogo wa dukani,
Mama Njuguna wa daktari:
wanawake watatu, deni moja,
ng'ombe mmoja mwenye kiwele kilichovimba.
Miezi miwili niliwakutanisha watu na nafsi zao.
Nilikuta tarehe thelathini Februari.
Nilikuta karani aliyeandika "kama jana"
siku tisa mfululizo.

Ghala likasimama. Halina paa, halina panya.
Katikati nikaweka lita, basi,
na kuzunguka lita nikayapanga maswali:
nani, lini, njia ipi, mzani ulishikwa na nani.
Ukiliuliza mwaka, linakujibu mwaka;
ukiliuliza asubuhi moja ya baridi,
linakuletea asubuhi hiyo na umande wake.

Ripoti ya kwanza ilimfanya meneja avue miwani.
Njia ya Mauche hupoteza lita arobaini kila Jumanne
kati ya mzani na tangi la kupozea.
Hakuna aliyetaja mtu. Grafu iliinama tu,
kama anayeokota kitu asitake kuonekana,
na Jumatano dereva akaomba likizo.

Ripoti ya pili ilikuja na alama nyekundu.
Mwanachama 0417, Kimalel arap Maritim,
amefariki, mfuko wa mazishi umeshalipa.
Maziwa yake yanaendelea kuja.
Lita sita asubuhi, nne jioni.
Hata siku ya kuzikwa kwake, lita sita.

"Futa," alisema meneja. "Maiti hakami."

Nilipanda pikipiki hadi Mauche, tope likinifika magotini.
Tapsabei alikuwa akisuuza ndoo kwa maji moto.
Hakushtuka. Alipangusa mikono
kwenye sweta la marehemu, alilolivaa.
"Ng'ombe hakuambiwa," alinijibu.
"Nambari ni ya jina lake, na shamba hivyo hivyo.
Ila mimi nimeikamia nambari hiyo miaka ishirini na sita.
Yeye alikwenda kutia saini."

Miaka ishirini na sita,
na ghala langu lililojua nani na lini na wapi
halikuwa na mahali pa kuandika aliyekama.

Sikufuta. Ghala si ubao wa shule.
Anayefuta jana ili leo ipendeze
kesho atauliza, ajibiwe na ukuta.
Mstari wa arap Maritim niliufunga kwa tarehe yake,
kama mtu afungavyo lango bila kubomoa boma,
nikafungua mwingine chini yake.
Bodi ilibishana hadi chai ikapoa, ikakubali.
Kisha nikaongeza safu mpya: mkamaji.
Karani wa Lare alipoanza kuijaza alicheka,
jina baada ya jina,
halafu akaacha kucheka.

0417. Tapsabei Maritim.
Njia: Mauche.
Tangu: tarehe tisa Machi.
Hadi:

Hapo, mbele ya "hadi", kanuni yasema paachwe wazi
maadamu mtu angali anakuja.
Meneja aliuliza mbona kuna pengo.
Nilimwambia angoje lori la asubuhi.