Kwa Utakayelala Chumba 214

Kitanda cha dirishani nakuachia, jina lako silijui.
Godoro limebonyea kushoto, utalizoea.
Kabatini mna hanga saba na kipande cha udi
ambacho nakuomba usikichome.

Nyuma ya mlango pana karatasi ya kanuni. Hiyo ni mpya.
Bi Ghaniya ataisoma yote siku ya kwanza,
akigonga kila mstari kwa kalamu:
jiko hapana, mshumaa hapana, chetezo hapana,
birika la umeme libaki kwenu,
mlango wa ngazi usizuiliwe kwa kitu.
Utaitikia "naam" kama nilivyoitikia mimi,
huku unaangalia simu.

Bibi yangu alizaliwa Wete, akazikwa Ibra,
na methali zake alizitoa moja moja kama pipi.
Kikombe kikivunjika: ajali haina kinga.
Tukigombana mimi na kaka: kinga na kinga ndipo moto uwakapo.
Kiswahili changu ni cha jikoni, cha kudaka,
nikadhani kinga ni ile ile:
ukijikinga mara mbili ndipo unapoungua.
Usicheke. Niliiamini miaka kumi na tisa.

Arubaini yake iliangukia juma la mitihani.
Nizwa ilikuwa na ile baridi ya mlimani inayoingia hadi kwenye kucha.
Nikasema, kusafiri siwezi, basi nimfukizie hapa.
Kile kidude cha moshi darini, chenye jicho jekundu,
nikakivisha kofia ya nailoni ya kuogea.
Kilifanana na bibi siku ya hina.
Mkaa, chetezo, udi, shela yake juu ya kiti.
Nikasoma Yasini, nikafika katikati.

Kilichoniamsha si kengele,
kengele niliifumba jicho mwenyewe.
Ni harufu: udi uligeuka nywele.
Ziyana alikwisha kunivuta mguu,
alikwisha kuvunja kioo cha ukumbini kwa kiwiko.
Mlango mzito wa ngazi ulikuwa wazi,
tumeuzuia kwa katoni ya maji ya kunywa
kwa kuwa kuusukuma kulituchosha.
Moshi haukuchoka. Ulipanda kama mwenye chumba juu.

Muzna yu hai. Nakwambia mapema
usije ukaruka mistari kumtafuta.

Tulisimama uwanja wa magari, peku, sitini na mmoja,
Bi Ghaniya na daftari, mtandio umepinduka,
anaita Muzna. Anaita Muzna.
Ghorofa ya tatu, Muzna akilala huvua vifaa vya masikio,
huvipanga kwenye kisahani cha kahawa.
Sote tulijua. Daftari halikujua.
Mtu wa zimamoto alimshusha begani,
na kisahani amekishika, hakikumwaga kitu.

Muhula mmoja walinisimamisha. Sikukata rufaa.
Muzna akinitumia ujumbe wa sauti, kikohozi hutangulia salamu.

Mama ndiye aliyenieleza, garini, tukipita Izki:
kinga ya kwanza ni ngao, mwanangu;
kinga cha pili ni kijiti chenye moto,
na kijiti kimoja hakiwaki, huzimika.
Nikavihesabu vijiti: kofia ya nailoni,
katoni ya maji, "naam" yangu, daftari.
Sikuongeza neno hadi nyumbani.

Basi usiku wa kwanza, kabla hujatandika,
zima taa, fumba macho, toka.
Kiganja ukutani, mkono wa kulia: milango mitano,
chuma baridi cha mtungi wa kuzimia moto, kisha ngazi.
Rudia. Watakucheka; wachukue nao.
Muulize jirani hulala na nini masikioni.

Na ule udi, siku ukikumbuka kwenu,
ukwaruze kwa ukucha, uunuse.
Harufu imo. Haikungoja mkaa.