Kibao cha Mbuzi

Ilianza mfunguo pili, jikoni kwetu Limbani.
Nimeikalia mbuzi, kifuu kingali mkononi,
nazi ya pili imekwisha, tui linangojwa,
nikataka kunyanyuka.
Miguu ikanitazama.

Sikuumwa. Hilo niliwaambia wote
na hakuna aliyelisadiki.
Nilijituma tu, kama unavyomtuma mtoto dukani,
na mtoto akabaki kasimama mlangoni.
Salha akanivuta kwa mikono miwili, anacheka:
Mama, ushazeeka.
Miaka thelathini na tisa. Nami nikacheka.

Kisha chanuo.
Kisha kamba ya kuanikia nguo:
nikamwomba Shaame aishushe, akaishusha,
akaishusha tena,
mpaka kanga zangu zikawa zinafagia uwanja.
Kisha sijda. Kushuka nilishuka vizuri,
nikamaliza tasbihi tatu, nikazidisha,
nikazidisha,
na aliyekuwa kando yangu akadhani ni khushuu.

Rangi ya zambarau ikatua juu ya kope zangu.
Sokoni Wete wakamtazama Shaame kwa jicho baya,
naye, masikini, hajapata kumpiga hata paka.
Wifi yangu Bikombo akaniletea kombe la zafarani;
nililinywa, na hata leo silidharau.
Zahanati wakanipa dawa ya malaria,
baadaye ya baridi yabisi,
baadaye vitamini, na neno moja: pumzika.
Napumzikaje, na kitandani nageuzwa kama mkate wa kumimina?

Chake nilimkuta daktari msichana, Thuwaiba.
Hakuniuliza wapi panauma.
Alisema: nyanyua mikono, kama unaomba dua. Ishikilie.
Akaigusa kwa vidole viwili,
ikaanguka.
Akavitazama vifundo vya vidole vyangu:
magamba haya tangu lini?
Mie nilidhani ni sabuni ya unga.

Damu ikarudi na namba.
Elfu sita na mia saba,
na mtu mzima, akasema, hafiki mia mbili.
Ni msuli huo, unavujia kwenye damu.

Mnazi Mmoja wakanikata paja, kipande kama punje ya mbaazi,
wakakitia chupani, kikavuka.
Nyama yangu imefika Dar es Salaam.
Mie mwenyewe sijapata kufika.

Jina likarudi baada ya wiki tano: dematomayositisi.
Shaame alilikariri njia nzima hadi bandarini,
akalisahau alipokata tiketi.
Thuwaiba alinieleza kwa lugha ya kwetu:
mlinzi wa shamba amemkamata mwenye shamba,
anamdhania mwizi wa karafuu.
Nikauliza: na huyo mlinzi, anafukuzwa?
Akasema: hafukuzwi. Analazwa usingizi.

Basi akalala yeye, nikakesha mie.
Vidonge kumi na viwili kila asubuhi, baada ya kula,
na saa tisa za usiku nimesimama kizani
natafuna chapati baridi kama niliyeiba.
Uso ukawa duara. Harusini wakanipokea kwa vigelegele:
umenawiri, jamani, umenawiri!
Niliwajibu alhamdulillahi.
Ningewaeleza nini, na biriani inapoa?

Mwavuli kiangazi chote. Watoto wa jirani wananiita Mvua.
Kila Jumatatu vidonge sita vingine, vya manjano,
na vikikosekana Wete, mpwa wangu huvituma kutoka Unguja,
vimefungwa ndani ya soksi.

Namba sasa ni mia tisa.
Chanuo hufika sikioni. Utosini, bado.
Fundi Hamad ameipigilia mbuzi miguu mirefu,
Bikombo alipoiona akashika mbavu:
hii si mbuzi tena, wifi, huyu ni ngamia!
Ninakunia nazi juu ya ngamia.

Jioni Salha hunihesabia: kaa, nyanyuka,
kaa, nyanyuka, bila kushika ukuta.
Jana mara nne.
Ya tano sikutaka.
Au sikuweza. Salha aliniuliza ni lipi,
nikamwambia: andika nne.