Maneno Mia Mbili

Stesheneri ya Bahi, umeme umerudi saa nane.
Leo nahesabu maneno, si shilingi.
Kampuni inauliza: tatizo ni nini?
Mia mbili tu, pamoja na viunganishi.

Niliandika: Ndahani anatambaa kilomita moja na nusu
kwenda shule, magoti kayafunga vipande vya tairi,
na siku ya mvua udongo mweusi wa mbugani
humvua kipande kimoja, hurudi kukitafuta.
Mia mbili na kumi na tatu.
Nikafuta udongo. Nikafuta mvua.
Ikabaki "changamoto ya usafiri".

Walengwa wangapi? Kumi na wanne.
Mama Sechelela, mweka hazina, akaguna:
"Weka arobaini. Wakubwa hawainami kuokota kidogo."
Kidole kikasita juu ya nne,
kisha nikaibonyeza.

Hesabu zilizokaguliwa, miaka mitatu:
tunalo daftari la mistari,
lenye doa la mafuta ya karanga juu ya Machi.

"Nembo yetu itakaa wapi?"
Mgongoni mwa kiti cha magurudumu, nadhani,
pale anayekikalia hawezi kuiona.

La mwisho: uendelevu.
Ufadhili ukiisha, mtafanyaje?
Nilikaa nalo mpaka kijana wa stesheneri akafunga dirisha moja.
Nikajibu kwa maneno manane:
Tutafanya kama tulivyofanya kabla yenu, ila tumechoka zaidi.

Nikafuta matatu ya mwisho.
Nikatuma.

Jibu likaja hata sijanyanyuka:
Tumepokea. Tafadhali usijibu ujumbe huu.