Tundu la Nyuma

Seleyum kaja akiisukuma, yeye na watoto watatu wa chuoni,
Datsani nyekundu ya babake, milango miwili, pua ndefu,
boneti imepauka kama khanga iliyosahauliwa kambani.
"Fundi Mshindo, inachemsha.
Hapa na Jadida haina neno.
Nikiivuta kwenda Konde, kabla ya Kinyasini
mshale unaruka, inakohoa,
inakwenda kama mtu aliyekanyaga mwiba."

Nikamwambia kaa. Injini ya moto haifunguliwi mdomo.
Kovu hili la mkononi ni la Pijo ya hospitali;
tangu siku ile najua kungoja.

Asubuhi nikaanza na vya nje.
Rejeta: nikatia mpira, ikatoka kutu, kisha yakatoka maji.
Mkanda wa feni nikaubonyeza kwa gumba. Umekaza.
Thamostati haipo. Nani kaitoa?
"Si kila mtu huitoa," akasema,
na kweli, Pemba nzima thamostati zimelala
kwenye makopo ya misumari.

Nikageukia moto. Pointi nikazipiga msasa,
distribyuta nikaisogeza unywele mmoja,
nikasikiliza kwa bisibisi, mpini sikioni, ncha kwenye chuma.
Ya kwanza inasema. Ya pili inasema. Ya tatu inasema.
Ya nne inameza maneno.

Plagi tatu rangi ya biskuti.
Ya nne nyeupe kama jino la mtoto: imeoshwa na mvuke.
Nikafungua kifuniko cha rejeta, baridi, nikawasha,
viputo vikapanda kimoja kimoja
kama vya kaa aliyejificha topeni.
Gasketi, basi.
Nisilolijua, kwa nini.

Siku ya tatu nikalegeza boliti, za nje kwanza, nikija ndani.
Hedi ikabanduka kama kombe mwambani,
na chini ikabaki shaba.
Si ya kiwandani.
Ukingoni ina meno madogo ya mkasi wa bati,
na pembeni, kwa msumari, herufi M.

Mimi.

Meli ya vipuri haijaja mwaka ule,
na marehemu Kaduara anamuoza bintiye,
kasimama mlangoni na kanzu mpya, anataka gari jioni ile ile.
Nikakata shaba ya pipa kuukuu la mafuta ya makonyo,
nikawa napiga matundu, nahesabu kwa sauti,
na ngoma za harusi nazo zinahesabu zao.
Tundu la maji la nyuma, nyuma ya silinda ya nne,
halipo.
Ipo nukta tu niliyoitia, mahali pa kupiga.

Miaka kumi na saba maji yanafika pale,
yanagonga, yanarudi.
Mwenyewe hakujua: akienda nayo msikitini Ijumaa,
akirudi, akiifuta vumbi chini ya makuti,
na kila akiniona njiani huinua mkono:
"Fundi, mkono wako dhahabu!"

"Umeona nini?" anauliza Seleyum.
Ningeweza kusema chuma kimechoka.
Ningeweza kusema maji ya kisima chenu yana chumvi,
na yanayo, wallahi, hilo si uongo.
Nikakishika kidole chake, kina grisi,
nikakiweka juu ya nukta.
"Hapa nilisahau."

Kacheka kidogo kwa puani, babake mtupu,
kisha akauliza mpya bei gani.
Nikamwambia inakuja na boti ya Alhamisi kutoka Unguja,
nishaagiza, nishalipa, usinisumbue.

Leo Jumapili kaondoka nayo, kashika njia ya Konde.
Nimekaa gereji, sina gari hata moja,
simu juu ya meza,
nasafisha plagi iliyo safi.